Maswali juu ya divai

Kila mwaka, siku za komunyo ya kwanza na za ndoa zikaribiapo, sisi waalimu twaona jambo moja. Wazazi waja kwetu jioni, masomo yakiisha, kutuuliza habari za divai. Si walevi, wala si watu wa majivuno. Ni wakulima, mafundi na makarani wenye heshima zao, waliozoea malafu, kasiksi na bia, na sasa waona chupa za divai madukani na juu ya meza za matajiri. Wanaona haya kumwuliza mwenye duka. Basi wamwuliza mwalimu, kwa kuwa wajua ya kwamba tulisoma seminarini na tulitumikia altareni. Twapenda kuwajibu hapa wote pamoja, maana tumeona kwamba haya hiyo yenyewe yawagharimu fedha nyingi kuliko divai.

Swali la kwanza ni hili: divai ni kitu gani? Ni maji ya zabibu yaliyochacha, basi. Mtu aliyekinga malafu aijua kazi hiyo tayari. Maji ya mchikichi yakishuka asubuhi ni matamu. Adhuhuri yamekwisha kuchacha. Kesho yake ni makali. Ukiyaacha, yageuka siki. Kwa zabibu ni vile vile, ila mwendo wake ni wa polepole zaidi. Vijidudu vya chachu, visivyoonekana kwa macho, vyala sukari ya tunda na kutoa kileo pamoja na hewa ifanyayo mapovu. Mtaalamu Mfaransa Louis Pasteur alichunguza mambo hayo, akatoa kitabu juu ya divai mwaka 1866. Alionyesha ya kuwa divai haiharibiki kwa uchawi wala kwa bahati mbaya, bali kwa vijidudu vingine viingiavyo ndani yake.

Wengine wauliza: kwa nini moja ni nyekundu na nyingine nyeupe? Je, ile nyekundu imetiwa rangi? Hapana. Rangi hukaa katika maganda. Ukikamua zabibu nyeusi upesi na kuyatenga maganda, maji yake ni karibu meupe. Ndiyo sababu shampeni nyingi, ingawa ni nyeupe, imetoka kwa zabibu nyeusi. Lakini maganda yakilala siku nyingi katika maji yale, huyapa wekundu pamoja na ukali ule unaoukausha ulimi. Twasikia pia watu wakisema kwamba divai nyekundu huongeza damu mwilini, hata kumpa mama aliyejifungua. Wekundu ule ni wa ganda la tunda, damu haumo. Mama aliyepungukiwa damu apelekwe kwa mganga wa hospitali.

Kijana mmoja tuliyemfundisha, ambaye sasa ni mhudumu katika hoteli, alituuliza: «Mwalimu, wageni waomba divai kavu. Kitu cha maji chawezaje kuwa kikavu?» Swali lake lilitupendeza. Kavu maana yake ni kwamba chachu imekwisha kula sukari karibu yote, utamu haukubaki. Kwa hiyo mtu aonjaye mara ya kwanza na kukunja uso asidhani kwamba divai imeoza. Imekosa sukari tu.

Swali lingine: je, divai ya zamani ndiyo nzuri siku zote? Sivyo. Ziko divai chache zinazozidi kuwa njema zikitunzwa miaka kumi au ishirini. Nyingi zaidi zimetengenezwa ili zinywewe katika miaka michache ya kwanza. Hata hizo zadai kutunzwa vizuri: mahali penye giza, penye ubaridi wa digrii 12 hivi, na chupa yenye kizibo cha gome ilazwe, ili kizibo kisikauke na kuiingiza hewa. Sasa mtazame chupa iliyosimama miezi mingi katika dirisha la duka, jua likiipiga kila alasiri. Kibandiko chake chaweza kuwa kizuri sana, na ndani mkawa mmebaki kitu kilichopikwa na joto. Mnunuzi mwenye akili huomba chupa iliyokuwa kivulini.

Wako pia wasemao: «Divai ni kitu cha Wazungu, kadiri inavyotoka mbali ndivyo inavyokuwa bora.» Hapo tena tusidanganyike. Katika Rasi ya Tumaini Jema, Afrika ya Kusini, divai ya kwanza ilikamuliwa tarehe 2 Februari 1659, na divai nyingi ya nchi ile yatufikia Katanga kwa malori. Karibu zaidi nasi, huko Dodoma katika Tanzania, wakulima wa Kiafrika walima mizabibu, na kwa ajili ya jua la nchi yao waweza kuvuna mara mbili kwa mwaka, wakati mkulima wa Ulaya avuna mara moja tu. Kwa hiyo divai ni zao la shamba kama mazao mengine. Yamfaa mtu ajuaye jembe.

Twafika kwenye biashara yenyewe, ambapo wengi hupotea. Watu wauliza: je, chupa ya bei kubwa ndiyo bora? Sikilizeni jinsi mambo yalivyokuwa huko Bordeaux. Mwaka 1855 madalali wa mji ule walitakiwa kuzipanga divai za mashamba makubwa kwa daraja, kwa ajili ya maonyesho ya Paris. Walizipanga zaidi kwa kufuata bei zilizokuwa zikiuzwa. Orodha ile ingali yafuatwa, na shamba moja tu, Mouton Rothschild, limepandishwa hadi daraja la kwanza, mwaka 1973. Basi bei ilizaa daraja, na daraja likazaa bei. Tena, tarehe 24 Mei 1976, waamuzi Wafaransa walionja mjini Paris divai za Ufaransa na za Kalifornia bila kuonyeshwa majina yake. Divai za Kalifornia, ambazo wengi walikuwa wakizidharau, zilishika nafasi ya kwanza kwa nyeupe na kwa nyekundu pia. Na katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2001, wanafunzi 54 wa elimu ya divai huko Bordeaux walipewa divai nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha. Wakaisifu kwa maneno yatumiwayo kwa divai nyekundu. Ikiwa wenye kusomea kazi ile wadanganywa na macho yao, sisi tuone haya gani?

Fedha utoazo dukani hulipa mambo mengi: kazi ya mkulima, chupa, kizibo, meli, lori, ushuru, faida ya kila mchuuzi, na mwisho jina. Hayo yote ni halali. Lakini ujue walipa nini. Mashaka yawe pia kwa bei ndogo kupita kiasi. Mwaka 1986 huko Italia, wafanyabiashara wadanganyifu walitia methanoli katika divai ili kuiongezea nguvu kwa bei rahisi. Watu zaidi ya 20 walikufa na wengine wakapofuka. Sumu hiyo hiyo yaweza kuwamo katika lutuku iliyopikwa ovyo. Chupa isiyo na kizibo chake cha kwanza, au iliyojazwa upya nyuma ya duka, usiinunue.

Tena wauliza: je, divai yalevya kuliko bia? Tufanye hesabu, kama darasani. Chupa ya divai ya sentilita 75, yenye kileo 12 kwa mia, ina sentilita 9 za kileo. Chupa ya bia ya sentilita 72, yenye 5 kwa mia, ina sentilita 3 na sehemu 6. Basi anayemaliza chupa moja ya divai amekunywa kama bia mbili kubwa na nusu. Anayeijaza gilasi ya bia divai hadi ukingoni hajui atendalo. Wala wasitudanganye wasemao kwamba ni dawa: mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hakuna kipimo cha kileo kisicho na hatari kwa afya, na kwamba kileo ni mojawapo la mambo yaletayo kansa. Mama mwenye mimba asinywe. Mtoto wa komunyo asionjeshwe, hata kwa mchezo.

Wanafunzi wetu nao wana swali lao: je, divai ya Misa ni divai nyingine? Sheria ya Kanisa yadai iwe divai halisi ya zabibu, isiyoharibika. Haidai iwe ya bei kubwa, wala ya nchi fulani. Basi mtu asiseme kwamba chupa ya dukani yaipa karamu yake utakatifu.

Tumeweka mwisho swali lililo zito kuliko yote: je, yatupasa kuwa na divai ili sikukuu yetu iwe ya heshima? Katika mtaa wetu yuko fundi seremala, mtu mwema. Alipomwoza binti yake, alisikia kwamba wakwe hutazama kwanza meza. Akakopa fedha, akanunua makatoni sita ya divai. Wageni walionja, wakasema ni chungu, wakachanganya na soda. Wazee waliomba bia. Muhula uliofuata tuliita majina darasani, tukafika kwa mdogo wake bibi arusi. Hakuna aliyejibu. Tulimkuta karakanani akipiga randa pamoja na baba yake, ili deni lilipwe. Alikuwa mtoto mwepesi wa hesabu.

Hatumhukumu baba yule. Hakuna aliyemwambia kwamba aweza kuuliza kabla ya kununua, wala kwamba wakwe wangeheshimu munkoyo safi, kuku aliyepikwa vizuri na maneno ya adabu. Mwenye nacho, na akipenda, anunue chupa moja, aifungue kwa furaha, amimine kidogo kidogo, hatendi vibaya. Asiye nacho asione haya. Kiasi ni fadhila, nacho huanza mkononi mwenye fedha, kabla haijafika kinywani. Ndugu wasomaji, kabla ya kuagiza divai ya karamu, lipeni kwanza karo ya muhula, mkae chini na mama watoto kuhesabu kilichobaki.