Nilimfungia Mpwa, Nikamfungulia Mwizi

Nilimtuhumu mpwa wangu kwamba ananimalizia bando. Nilikosea. Aliyekuwa akilimaliza nilimnunua mwenyewe Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kwa shilingi 65,000, nikampakata kwenye daladala hadi nyumbani Tabata.

Lilikuwa boksi la tivii. Kidude cheusi kisichozidi kiganja, kina taa ndogo ya bluu mbele, rimoti yake na waya wa HDMI. Unachomeka nyuma ya tivii, unaunga waifai, na tivii isiyo na intaneti inakuwa nayo. Tivii yetu ni bapa, nzima kabisa, lakini tuliinunua mwaka 2016 na haikuja na mambo hayo. Watoto walikuwa wakitazama katuni za YouTube kwa jirani, wakirudi wananiuliza kwa nini yetu haiwezi. Mei 2025 nikaamua kulimaliza jambo hilo.

Dukani kulikuwa na aina mbili. Moja iliuzwa shilingi 160,000 na kwenye boksi lake pameandikwa Google TV. Nyingine ndiyo hii ya 65,000, jina lake sikuwahi kulisikia kabla wala baada ya siku ile. Kwenye karatasi yake hii ya bei nafuu ilionekana kuizidi ile ya bei kubwa kwa kila kitu: RAM GB 4, hifadhi GB 64, picha hadi 8K, Android 13. Muuzaji hakunisukuma. Aliniambia tu, "Hii ndiyo wanachukua watu, kaka. Hakuna kulipia mwezi. Mpira wote umo, filamu zote zimo."

Niliposikia mpira wote umo, sikuuliza swali jingine.

Mimi ni mhasibu. Kazi yangu ya kila siku ni kupokea risiti na kuuliza fedha zimetoka wapi na zimekwenda wapi. Mechi ambayo majirani zangu wanailipia kifurushi kila mwezi ilikuwa inaletwa kwangu bure na kidude cha 65,000, nami sikuuliza nani anailipia. Sikuuliza kwa sababu nililitaka lile jibu la bure. Hapo ndipo kosa lilipoanzia, na hapo hakukuwa na mtu wa kunidanganya zaidi yangu.

Nyumbani niliunganisha mwenyewe. Ile programu ya mpira ilikataa kufunguka mpaka nizime Play Protect, ulinzi wa Google unaokagua programu zinazoingia kwenye kifaa. Maandishi ya onyo yalitokea kwenye skrini, nikabonyeza kukubali. Kisha nikaingiza barua pepe yangu, hiyohiyo ninayotumia benki. Jioni ile tulitazama mpira sisi sote, mpwa wangu akiwa kakaa chini kwenye zulia na binti yangu kamwegemea. Nilijiona nimefanya jambo la maana.

Sisi tunatumia rauta ya laini ya simu. Bando la mwezi ni shilingi 50,000 na lilikuwa likitutosha mwezi mzima, kazi zangu za nyumbani zikiwemo. Wiki ya pili ya Juni liliisha kabla ya wakati. Nikanunua jingine, likadumu siku kumi na moja. Nilijua boksi linatumia data, hilo nililitegemea, lakini nilikuwa nimepiga hesabu: saa moja ya katuni na mechi mbili kwa wiki haviwezi kula kiasi kile. Kwa hiyo lazima kuna mtu anatazama usiku. Na ndani ya nyumba yetu mtu wa miaka ishirini na moja mwenye simu kubwa alikuwa mmoja tu.

Ni mtoto wa dada yangu. Ametoka Muheza, yupo chuo hapa Dar es Salaam, na dada alimleta kwangu kwa kuwa mimi ni mjomba wake na nyumba ipo. Ni kijana wa kimya. Anaamka kabla yetu na kuchota maji bila kuambiwa.

Nilimwita sebuleni mbele ya mke wangu. Nilimwambia hivi, na ninayaandika kama nilivyoyasema: "Usiku unakula bando langu, halafu asubuhi unaniamkia shikamoo kwa adabu." Akasema, "Mjomba, mimi usiku nalala." Nikamwambia asinijibu. Mke wangu aliniuliza kama nina hakika. Nikamuuliza kama si yeye, ni nani?

Usiku uleule nikabadilisha neno la siri la waifai. Mpwa wangu sikumpa. Halafu nikakaa mbele ya tivii na rimoti, nikaliandika lile neno jipya kwenye boksi, herufi moja baada ya nyingine, kwa vile watoto wangetaka katuni zao asubuhi. Kijana nilimfungia mlango, boksi nikalikabidhi ufunguo.

Bando lililofuata liliisha siku ya kumi.

Mtu mwenye akili zilizotulia angelisimama hapo akafikiri upya. Mimi nilihitimisha kwamba watoto wamempa neno la siri. Nikamwita binti yangu, ana miaka tisa, nikamhoji kama amemtajia kaka yake. Alilia. Nikakichukua kilio kile kuwa ushahidi.

Mwishoni mwa Julai mpwa wangu alikwenda Morogoro kwa mafunzo ya vitendo. Aliniaga mlangoni akiwa na begi, nikampa nauli na maneno machache. Agosti bando likaisha tena siku ya kumi na mbili, na yeye yuko umbali wa karibu kilomita 190.

Ilikuwa Jumapili usiku, kama saa sita. Watoto wamelala, mke wangu amelala, tivii nimeizima. Nilikuwa nimeweka bando jingine jioni ile. Nikafungua kompyuta na kuingia kwenye ukurasa wa rauta, ule ambao namba zake huandikwa chini ya rauta yenyewe na ambao kwa miezi mitatu sikuwahi kuufungua. Kuna sehemu inayoonyesha data zilizoingia na zilizotoka. Familia inayotazama filamu hupokea data nyingi na kutuma kidogo sana. Kwetu ilikuwa kinyume: zilizotoka zilikuwa nyingi kuliko zilizoingia, na namba ilikuwa ikipanda huku naitazama. Nikazima waifai kwenye simu yangu. Ya mke wangu ilikuwa imezimwa tayari. Namba ikaendelea kupanda.

Nikaangalia orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Kulikuwa na kompyuta yangu, na kingine chenye jina la herufi na tarakimu zisizo na maana. Nikainua macho. Chini ya tivii iliyozimwa, ile taa ya bluu ilikuwa inawaka. Kwa miezi mitatu nilikuwa nikizima tivii na kwenda kulala nikidhani nimezima vyote.

Nilichomoa boksi kwenye umeme. Namba ikasimama. Nikalichomeka tena, nikasubiri kama dakika mbili, ikaanza kupanda. Nikachomoa, ikasimama. Nilirudia mara tatu. Ya kwanza nilikuwa napima, ya pili nilikuwa nahakikisha. Ya tatu nilikuwa natafuta namna ya kutokuwa mimi niliyekosea.

Kilichonijia kichwani usiku ule hakikuwa fedha. Ilikuwa sauti ya kijana akisema, mimi usiku nalala. Alikuwa amesema kweli, tena kwa maneno matatu, nami nilikuwa nimemnyamazisha.

Siku zilizofuata nilisoma yale niliyopaswa kuyasoma kabla ya kwenda Kariakoo, na baadhi yalikuwa wazi kwa yeyote kwa zaidi ya miaka miwili. Januari 2023 mtaalamu mmoja wa Kanada, Daniel Milisic, alieleza hadharani kwamba boksi la aina ya T95 alilolinunua mtandaoni lilikuja na programu hasidi ndani yake likiwa jipya. Oktoba mwaka huohuo kampuni ya usalama ya HUMAN ilichapisha uchunguzi kuhusu mtandao ilioupa jina BADBOX, ikitaja vifaa visivyopungua 74,000 vya Android. Desemba 2024 mamlaka ya usalama wa mtandao ya Ujerumani ilikata mawasiliano ya vifaa kama 30,000 na wahalifu waliokuwa wakivitumia. Juni 2025, mwezi uleule niliokuwa namfokea mpwa wangu, FBI ya Marekani ilitoa tahadhari kwa wenye vifaa vya namna hii majumbani. Dalili walizozitaja zilikuwa zangu zote: jina la kifaa lisilojulikana, kutakiwa kuzima Play Protect, ahadi ya kutazama vya kulipiwa bila kulipa, na data zinazokwenda bila maelezo. Mwezi uliofuata Google iliwashtaki waendeshaji wa BADBOX 2.0, mrithi wa mtandao ule wa kwanza, katika mahakama ya New York, ikisema mtandao huo umefikia vifaa zaidi ya milioni 10.

Biashara yenyewe inakwenda hivi. Anayetaka kufanya jambo bila kujulikana, iwe kujaribu maneno ya siri ya watu au kubofya matangazo ya uongo, hapendi anwani yake ya intaneti ionekane. Anakodi njia ya kupitia nyumba ya mtu mwingine. Boksi ndiyo mlango. Yeye anaingia kwako na kutokea kwako, na kule anakokwenda inaonekana ni wewe wa Tabata uliyekuja. Ndiyo maana data zangu zilikuwa zikitoka. Sijui ni nani waliopita nyumbani kwangu miezi ile mitatu wala walikwenda kufanya nini, na hilo linanisumbua kuliko bando.

Nilijaribu kulisafisha. Nikalirudisha katika hali ya kiwandani, ile ya kufuta kila kitu. Lilipowaka, namba ikapanda kama kawaida. Uchafu wa namna hii huwekwa kwenye mfumo wenyewe kabla boksi halijafika dukani, kwa hiyo ukifuta unafuta vya kwako, vyao vinabaki. Na yale ya kwenye karatasi? RAM ilikuwa GB 1 na hifadhi GB 8. Ile Android 13 ilikuwa maandishi tu.

Nawe ukiwa na boksi ambalo jina lake halina mwenyewe, usiku mmoja zima simu zote, fungua ukurasa wa rauta yako, utazame. Ni kazi ya dakika tano.

Gharama nimeipiga. Katika miezi mitatu nilinunua mabando manane badala ya matatu. Matano ya ziada ni shilingi 250,000. Ukiongeza boksi, ni 315,000, ili kukwepa tofauti ya 95,000. Nilibadilisha maneno ya siri ya barua pepe na ya benki. Fedha za benki hazikuguswa. Wafanyakazi wenzangu wawili walikuwa wamenunua boksi kama lile kwa ushauri wangu, nikawapigia. Mmoja alilichomoa siku ileile. Mwingine aliniambia lake halina shida. Nimemrudia mara mbili, bado analitumia.

Jirani yetu alilitaka kwa shilingi 30,000. Nilimweleza lina tatizo, akasema yeye atavumilia. Nilichukua siku mbili kukataa. Zilikuwa siku mbili nyingi mno kwa mtu aliyekwisha kuona nilichokiona. Kisha nikalivunja kwa nyundo uani.

Mpwa wangu sikumwomba radhi kwa simu. Nilijiambia jambo la namna hii linahitaji ana kwa ana, na ni kweli, lakini kweli zaidi ni kwamba niliogopa. Alirudi mwishoni mwa Septemba. Nilimkalisha sebuleni palepale, mke wangu na binti yangu wakiwepo, nikasema nilimtuhumu kwa jambo ambalo hakulifanya, alinieleza ukweli nikamzuia kusema, na nilimliza mdogo wake kwa sababu hiyohiyo. Nikasema, "Nimekukosea. Naomba unisamehe." Alitazama chini muda mrefu. Akasema, "Haina neno, mjomba." Kisha akaomba ruhusa akaoge, alikuwa ametoka safari.

Dada yangu nilimpigia kesho yake, nikamweleza. Alikuwa anajua tangu Juni. Hakuwa ameniuliza.

Sasa tuna boksi jingine, lile la 160,000, nililolinunua kwa kudunduliza. Halina mpira wa bure. Neno jipya la siri la waifai nimeliandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa na kulibandika kwenye mlango wa jokofu, mahali ambapo kila anayekwenda kunywa maji analiona. Nilimwambia mpwa wangu lipo pale. Akashukuru.

Kila jioni kabla ya kulala nafungua ukurasa wa rauta na kusoma orodha ya vifaa. Kuna boksi, simu yangu, simu ya mke wangu, kompyuta. Simu ya kijana haijaonekana pale. Chumbani kwake namsikia akinunua bando la siku, la shilingi elfu moja.