Harufu Iliyotudanganya



Wengi wetu tuliokulia pwani tulijifunza kuogelea baharini, na bahari haikututaka tuitunze. Hapa Muscat baadhi ya nyumba zetu zina mabwawa ya kuogelea uani, nayo hayaishi salama ila kwa kuangaliwa kila siku. Hayo sisi tuliyajua kwa kuchelewa, na ndiyo sababu ya kuyaandika.

Katika kiangazi cha mwaka 2022, wajukuu walikuwa wakija kwetu kila Ijumaa. Wiki moja walitoka majini macho mekundu, na harufu kali ya dawa ikatanda ua mzima. Sisi wawili, mume na mke, walimu wastaafu, tukakata shauri bila ya kusita: klorini imezidi. Tukaacha kuitia kwa siku saba.

Ijumaa iliyofuata maji yalikuwa na ukungu wa kijani. Tukasema hayadhuru, na watoto wakaingia. Punde mmoja wao, msichana wa miaka sita, alipiga mbizi asionekane. Tulisimama ukingoni tukitazama chini, wala sakafu ya bwawa hatukuiona. Tulimwita; hatukumbuki tulimwita mara ngapi. Akaibuka upande wa pili, akicheka. Sisi hatukuweza kucheka. Tuliwatoa wote, na mama yake akatuuliza neno moja tu: "Mmepima?"

Hatukupima. Sisi tuliowafundisha watoto wa watu kuwa jawabu bila ya hesabu halina maksi, tulihukumu kwa pua.

Fundi aliyekuja kesho yake alitia kidonge katika kichupa cha maji ya bwawa. Klorini ya kutosha ingeyageuza kuwa ya waridi. Yalibaki karibu bila ya rangi. Akatufahamisha kwamba harufu ile haikuwa ya klorini nyingi. Klorini ikikutana na jasho na mkojo huzaa kloramini, nayo ndiyo inukayo na kuwasha macho. Basi tuliipunguza dawa wakati maji yalipoihitaji zaidi.

Kituo cha Marekani cha Kudhibiti na Kuzuia Maradhi kinashauri klorini huru isipungue miligramu 1 katika kila lita, na pH iwe baina ya 7.0 na 7.8, pH ikipanda zaidi, klorini hudhoofika. Jua nalo huiteketeza klorini kwa saa chache, kwa hiyo sisi huitia jioni. Asidi ya sayanuriki huikinga na jua, lakini pia huipunguzia kasi. Penye asidi hiyo klorini isipungue miligramu 2.

Hesabu yenyewe ni ya darasani. Bwawa letu lina urefu wa mita 8, upana wa mita 4 na kina cha wastani cha mita 1.5, yaani lita 48,000. Kuongeza miligramu 1 kwa lita kwahitaji gramu 48 za klorini. Unga wetu una klorini asilimia 65; basi tunapima gramu 74. Unga hutiwa katika maji, wala maji hayamiminwi juu ya unga. Aina mbili za klorini hazichanganywi kamwe, wala klorini na asidi, kwani huweza kulipuka au kutoa hewa ya sumu.

Sasa hakuna aingiaye mpaka sakafu ionekane na rangi isomwe, na mtu mzima hukaa ukingoni, kwani hakuna dawa ishikayo nafasi ya jicho. Msomaji wa rangi ni msichana yule yule. Ijumaa iliyopita alisoma 0.8, akakifunga kichupa, akaketi kivulini na taulo lake, asituombe hata ruhusa ya kutia mguu.