Umatumbi Kabla ya Mazoezi

Basi la kusini liliondoka Mbagala alfajiri, nami nimepakata nakala ya Kinjeketile iliyojaa maandishi ya penseli. Kikundi chetu cha Temeke ni cha watu wa ridhaa: mafundi cherehani, walimu, mama lishe. Walikuwa wamenikabidhi kuiongoza tamthilia hiyo ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969, na sikutaka kumpangia mtu pa kusimama jukwaani kabla sijaikanyaga ardhi inayozungumziwa. Sikuwahi kuvuka Rufiji.

Baada ya Ikwiriri tuliingia Daraja la Mkapa. Chini yetu mto ulikuwa umetanda, mzito, rangi ya udongo. Katika tamthilia, mhusika mkuu Kinjeketile anazama majini na kuibuka na ujumbe wa Hongo, mzimu wa mtoni. Hapo hapo nikaachana na wazo la kuuonyesha mto kwa kitambaa cha buluu. Mto utaonekana machoni mwa umati unaosubiri ukingoni.

Nilishuka Njia Nne, nikapata gari la Kipatimu, kisha bodaboda hadi Nandete, Umatumbi, vilima vikipokezana njia nzima. Ni hapa ambapo Julai 1905 Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waling'oa miche ya pamba iliyolimwa kwa amri ya Wajerumani. Kwa kitendo hicho, Vita vya Maji Maji vilitangazwa.

Mzee mmoja alinikaribisha barazani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nasikia unatafuta vita."

"Natafuta namna ya kuvionyesha, babu."

"Basi anza na jembe. Anayeshinda shamba la mkubwa, la kwake atalipalilia nani?"

Nikafungua kitabu. Hussein naye anaanza na wanawake wawili, Bibi Kitunda na Bibi Kinjeketile, wakizungumzia njaa. Waigizaji wetu wengi wanatamani mikuki na vigelegele, lakini uzito wa tamthilia uko kwenye chungu kisicho na kitu. Mzee akanionyesha vilima vya mbali, akaeleza jinsi habari za dawa ya maji, iliyoaminika kuwakinga watu na risasi, zilivyopita kwa siri, mdomo kwa sikio, kijiji hadi kijiji. Nikajua kwa nini sauti lazima ziwe za chini kabla ya vita kulipuka.

Nikiwa njiani kurudi niliwaza Mohoro, ambako Kinjikitile Ngwale wa historia alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905. Vita viliendelea bila yeye hadi 1907. Neno likishashikwa na watu, halimhitaji tena aliyelitamka, na hilo ndilo Kinjeketile wa Hussein analoliona kwa uchungu.

Kwa hiyo mazoezi yetu yataanza bila mkuki. Wote, wake kwa waume, watalima jukwaani chini ya msimamizi mpaka miili yao ijue uchovu na hasira. Kisha watajifunza kunong'onezana. Mwigizaji wa Kinjeketile nitamchagua mwisho, kutoka kwa wale watakaokuwa wamewasikiliza wenzao kwa makini, kwa sababu tamthilia hii inabebwa na umati.