Malva za Rasi ya Tumaini Jema

Wengi wetu tukitajiwa mji wa Cape Town hukumbuka bandari, baridi, na ule mlima uliokatwa juu ukawa kama meza. Waislamu tunayo sababu nyingine ya kuukumbuka. Huko ndiko alikopelekwa Sheikh Yusuf wa Makassar mwaka 1694, kwa kosa la kuwapinga Waholanzi, na huko ndiko alikofia mwaka 1699. Huko pia ndiko alikofungwa Tuan Guru, mwanachuoni wa Tidore, aliyeiandika Qurani kwa hifdhi hali yu kifungoni. Msikiti wa Auwal uliosimamishwa mwaka 1794 katika mtaa wa Bo-Kaap ungali ukisaliwa hata leo. Lakini habari za mashekhe hao zimeandikwa na wanaostahiki kuziandika. Mimi nitasema habari za majani.

Mwezi wa Septemba, mvua za baridi zinapokwisha, ubavu wa mlima unaoelekea bahari hujaa kichaka kinachofika kimo cha mtu, chenye maua ya rangi ya zambarau. Jani lake limejikunja kama kofia ya joho. Wataalamu hukiita Pelargonium cucullatum, na wenyeji hukiita malva ya mwitu. Mtu aliyezoea jerania za vyunguni hupita asikitambue. Kumbe hiki ni mmoja wa wazazi wa maua yale makubwa yanayouzwa kwa bei katika miji ya Ulaya. Chini, katika mchanga wa pwani, hutambaa ndugu yake, Pelargonium capitatum. Ukilisugua jani lake kwa vidole, utadhani umefungua mrashi. Katika milima ya mashariki ya mji, kwenye kivuli na maji, yuko wa tatu mwenye jani pana, laini kama mahameli, linalonukia peremende. Na yuko mmoja mnyonge, Pelargonium triste, mwenye majani kama ya karoti na ua la rangi iliyofifia ambalo mchana halina harufu yoyote. Jua likichwa ndipo hunukia, likawaita wadudu wa usiku. Huyu mnyonge ndiye aliyetangulia wenzake kufika Ulaya. Mwaka 1631 mbegu zake zilikuwa zimekwisha nunuliwa Paris na kupelekwa Uingereza.

Sasa majina. Mwaka 1753 Linnaeus aliyatia maua haya yote katika ukoo mmoja akauita jerania, kwa neno la Kiyunani lenye maana ya korongo, kwa kuwa tunda lake limechongoka kama mdomo wa ndege huyo. Baadaye Mfaransa L'Héritier aliona kuwa wale wa Rasini ni ukoo mwingine, na mwaka 1789 jina lao likapigwa chapa: pelagonia, kwa jina la ndege mwingine wa Kiyunani, ambaye sisi Waswahili naye tumemwita korongo vile vile, basi hatuna haki ya kuwacheka wanaokosea. Wenye bustani walikataa kutii, na hata leo chungu cha pelagonia huuzwa kwa jina la jerania.

Kuwapambanua si kazi ngumu kwa kijana mwenye macho na subira. Ua la jerania ya kweli lina petali tano zilizo sawa, mfano wa gurudumu, na vijiti kumi vyenye chavua. Ua la pelagonia lina petali mbili za juu zilizotofautiana na tatu za chini, na vijiti vyenye chavua havizidi saba. Nyuma ya ua, ubavuni mwa kikonyo, kuna mfereji mwembamba wa asali. Mwisho wake huonekana kama kinundu kidogo. Mbegu pia hutofautiana: ya pelagonia ina mkia wa manyoya, nayo huchukuliwa na upepo, ya jerania aghalabu hurushwa kama jiwe la kombeo. Jerania nyingi hustahimili theluji. Pelagonia huuawa na barafu, ila wachache, kama yule wa milima ya Uturuki.

Yafaa niseme neno juu ya kisa kinachorudiwa katika vitabu vya maua vya Wazungu, kwamba Mtume (s.a.w.) alianika kanzu yake juu ya mmea dhalili, nao ukageuka jerania. Kisa hiki hakina sanad. Tusiwasomeshe watoto wetu kwa kuwa tu kinapendeza.

Lililo kweli linatosha kupendeza. Huko Bo-Kaap, siku za Maulidi, wanawake huketi msikitini wakakatakata majani ya michungwa na milimau, wakayatia mafuta mazuri na kuyafunga katika vijikaratasi vya rangi. Nani wa kwetu asiyekumbuka kikuba? Na nchini Moroko jani la pelagonia lenye harufu ya waridi hutiwa katika chai.

Ila kuna jambo zito. Aina iitwayo Pelargonium sidoides humea mashariki ya Afrika Kusini na katika Lesotho, na mizizi yake ni dawa ya zamani ya Waxhosa na Wasotho. Mwaka 1897 Mwingereza mmoja aitwaye Stevens, mgonjwa wa kifua, alipewa dawa hiyo na mganga, kisha akaiuza kwao kwa jina lake mwenyewe. Zama zetu kampuni ya Kijerumani ilipewa hataza juu ya namna ya kuitoa dawa katika mizizi. Wanakijiji wa Alice wakashitaki kwa msaada wa mawakili wao, na mwaka 2010 hataza ile ikabatilishwa mjini Munich. Wakati huo mizizi ilikuwa ikichimbwa porini kwa magunia. Mmea ambao jani lake likikatwa huchipua, mzizi wake uking'olewa haurudi.

Basi atakaye kuotesha na asichimbe mwituni. Achukue kipande cha tawi kwa jirani, urefu wa kidole, akiache kivulini siku moja kidonda kikauke, kisha akichomeke katika mchanga. Maji yawe haba. Wale wenye viazi chini, kama Pelargonium triste, hulala kiangazi kwa desturi ya nchi yao ya mvua za baridi. Majani yakinyauka mwenye bustani huingiwa na huruma akamimina maji, na kiazi huoza. Nasi huku hatukunyimwa: Pelargonium quinquelobatum, mwenye ua la rangi ya ajabu, kijani si kijani na buluu si buluu, humea mwenyewe katika bara ya Kenya na Tanzania, na Geranium arabicum huonekana katika nyasi za milima yetu mirefu.