Mkanda Ambao Haukukatika

Hiace yetu ni ya mwaka 1998. Ilibeba abiria Dar es Salaam kabla baba hajainunua, akang'oa viti vya nyuma, akaweka kitanda cha mbao na ndoano nne za kutundikia chandarua. Kila msimu wa mavuno tunavuka nayo Mto Kilombero kutoka Ifakara kwenda shambani, upande wa Lupiro, na kwa wiki kadhaa ndiyo nyumba yetu. Majirani wa shamba wanalala kwenye vibanda vya nyasi. Sisi tunalala ndani ya gari, na kaka, ambaye ndiye dereva, analala chini ya turubai.

Baba alipofariki aliacha gari, deni dogo la mbolea na daftari la kaunta lenye safu nne: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, bei. Mipira ya breki. Beringi ya mbele kushoto. Pampu ya maji. Pembeni mwa vifaa vingi aliandika maneno mawili: "bado kizima." Alikuwa anatoa vitu vizima na kuweka vipya.

Mwaka jana, kwa hesabu ya daftari, ilikuwa zamu ya mkanda wa taimingi. Huu ni mkanda wa mpira wenye meno unaofanya pistoni na valvu zipishane bila kugongana. Ukikatika gari likiwa kwenye mwendo, katika dizeli kama yetu pistoni zinaweza kupiga valvu, na hapo huzungumzii tena mkanda, unazungumzia injini. Kilomita zilikuwa bado chache, kwa sababu masika yote gari hukaa uani. Lakini mkanda ulikuwa na miaka tisa, na injini ya Hiace iko chini ya viti vya mbele, mahali penye joto.

"Mpira hauhesabu kilomita tu, dada," fundi aliniambia. "Unahesabu na miaka."

Mkanda, beringi yake ya kukazia, pampu ya maji, mipira ya breki na ufundi: jumla ilikuwa thamani ya magunia matano ya mpunga. Magunia hayohayo yalikuwa ada ya mdogo wetu aliyekuwa anaingia kidato cha tano. Baba mdogo alikuja kikaoni akiwa na hoja nzuri. Unanunuaje kitu ambacho unacho? Na zamani, alisema, ungeogopa kukwama kwenye foleni ya kivuko. Sasa kuna daraja la mita 384, ukizimika unavutwa tu. Ni kweli kwamba daraja limebadilisha maisha. Wengi wetu tunakumbuka Januari 2016, MV Kilombero II ilipopinduka mtoni. Lakini kivuko kilipoondoka, kilichobaki kati ya shamba na hospitali ni gari lenyewe.

Mama aliuliza swali moja tu: "Likikatika usiku tukiwa na mtoto wa mtu?"

Kule shambani, bodaboda inatosha kwa mengi. Haitoshi kwa mama mwenye uchungu wa kuzaa, wala kwa mtoto mwenye degedege.

Bonde letu linajua ugumu wa hoja ya mama. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mradi wa KINET ulisambaza vyandarua vilivyotiwa dawa Kilombero na Ulanga. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalihusisha vyandarua hivyo na ongezeko la asilimia 27 la uwezekano wa kuishi kwa watoto wa kati ya mwezi 1 na miaka 4. Nasoma takwimu kama hizo chuoni, na kila mara nawaza kwamba hakuna mzazi anayeweza kumnyooshea kidole mwanawe na kusema, huyu ndiye aliyeokolewa na chandarua. Aliyeugua tunamwona. Ambaye hakuugua ni mtoto tu, anacheza uani. Kinga haina shahidi.

Mama aliuza mpunga. Spea zilitoka Kariakoo kwa basi, na fundi akafungua injini siku nzima. Mkanda wa zamani ulipotoka, baba mdogo aliukunja, akaugeuza, akatafuta nyufa. Hakuziona.

"Si mnaona? Mzima huu."

Hakuna aliyembishia. Nilijaza safu nne za daftari, na pembeni nikaandika kama baba alivyokuwa akiandika.

Ada ililipwa kwa awamu na mdogo wetu akachelewa shule wiki mbili. Msimu ule gari lilivuka daraja usiku mara tatu likiwa na wagonjwa, na mara zote lilifika. Huenda na mkanda wa zamani lingefika. Mdogo wetu anasema hivyo mpaka leo, na sina cha kumthibitishia vinginevyo. Kinachofuata kwenye daftari ni mipira ya rejeta, kabla ya masika. Mama ameshatenga gunia.