Kwa Motakaa Toka Maralal Hata Marsabit

Watu wengi wa Nairobi na wa pwani, wakitajiwa nchi ya kaskazini ya Kenya, hudhani ni mchanga mtupu na jua. Wazee wetu walikuwa na sababu ya kudhani hivyo, maana hawakuruhusiwa kwenda kuitazama. Sheria ya mwaka 1902 iliipa serikali ya kikoloni uwezo wa kuzifunga sehemu za mbali, nazo zikafungwa kweli, hata mtu wa kutoka kwingine hakuweza kuingia ila kwa kibali. Siku hizi njia i wazi. Lami imetoka Isiolo ikapita Marsabit mpaka Moyale, na msafiri wa basi aweza kulala usingizi safari nzima. Lakini mtu atakaye kuiona nchi yenyewe hana budi kuzunguka kwa magharibi: apite Maralal, Baragoi, South Horr, Loiyangalani na Kargi, kisha aupande mlima wa Marsabit kwa mgongoni. Hiyo ndiyo njia tuliyoifuata mwezi wa Machi 2018, nami nitaieleza kama tulivyoiona, pamoja na makosa yangu.

Tulikuwa watatu: mimi, shemeji yangu ambaye ni mwalimu, na fundi mmoja kijana, mpole wa maneno, ambaye nilimchukua kwa sababu gari lilikuwa la zamani. Gari lenyewe lilikuwa Land Rover ya mwili mrefu, ya petroli, iliyoundwa miaka ya sitini. Nyuma tulipakia mbao na vyuma vya madawati 20 ya shule, madebe ya petroli, maji, majembe mawili na unga.

Land Rover za miaka ile zina ugonjwa mmoja ambao kila fundi anaujua. Katika ekseli ya nyuma mna vyuma viwili virefu vinavyotoa nguvu katika difu na kuzipeleka magurudumuni, navyo huitwa hafu-shafti. Chuma kile ni chembamba kuliko inavyofaa gari lenye mzigo, na kikizungushwa kwa nguvu ghafla hali gurudumu limeshikwa na mchanga, hukatika kama muwa. Kabla ya kuondoka Nairobi yule kijana aliniambia, “Mzee, tununue moja ya akiba.” Dukani nikaulizia bei, nikaona ni kubwa, nikasema ile iliyomo imekaa miaka mingi bila kukatika. Hakunijibu neno. Alinunua kwa fedha zake mwenyewe kikopo cha grisi na waya, akaviweka chini ya kiti.

Maralal ni mji wa baridi, wenye miti ya mierezi na pundamilia wanaokula majani karibu na nyumba za watu. Nyumba aliyokaa Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1961, kabla ya kufunguliwa, ipo hata leo. Ukiuacha mji ukaenda kaskazini wafika Poro, ambapo nchi hukatika ghafla mbele ya miguu yako, na bonde la Suguta laonekana huko chini sana limefunikwa na ukungu wa joto. Tulisimama pale kwa muda, hakuna aliyesema kitu. Baada ya hapo njia hushuka na baridi huisha, na mawe huanza.

Mbele ya Baragoi tulisikia mlio kama wa ubao uvunjwao. Gari likainama upande wa kushoto. Jani kubwa la springi ya nyuma lilikuwa limekatika karibu na katikati. Kwa kweli mzigo wetu ulizidi. Tulishusha madawati yote njiani, tukatia jeki, na fundi akalazimisha kipande cha chuma cha dawati kando ya jani lililovunjika, kama vile mganga afungavyo mguu kwa banzi. Lakini cha kufungia hakikuwapo. Kamba ingekatika kabla ya kufika kilima cha pili, na waya wake peke yake ungelegea.

Mzee mmoja Msamburu aliyekuwa akichunga ng'ombe alikuja akachuchumaa, akatazama kazi yetu, akatikisa kichwa. Akamtuma mtoto nyumbani. Mtoto alirudi na ukanda mrefu wa ngozi mbichi ya ng'ombe iliyolowekwa majini. Mzee mwenyewe ndiye aliyetuonyesha jinsi ya kuizungusha, mara ya kwanza kwa waya, kisha juu yake ngozi, kila mzunguko ukivutwa na watu wawili. Ngozi ikikauka hunyweka, na jua la Baragoi halihitaji kuambiwa la kufanya. Baada ya saa mbili ilikuwa ngumu kama chuma. Mzee hakutaka fedha. Alitaka sukari na majani ya chai, tukampa. Ngozi ile haikulegea hata Marsabit, nami nayasema haya kwa faida ya wale wanaodhani kwamba ufundi wa motakaa huanzia mjini.

South Horr ni mahali pa kumshukuru Mungu. Kijiji kimekaa katika bonde jembamba kati ya mlima Nyiro na Ol Doinyo Mara, na maji yateremkayo milimani hukipa kivuli cha miti mikubwa. Tulilala hapo. Kesho yake, njia ilipotoka bondeni, tuliona minara ya upepo ya Sarima, 365 kwa hesabu, imesimama kwenye mawe meusi. Wakati ule ilikuwa imekwisha kujengwa yote lakini haikuwa ikipeleka umeme, kwa kuwa nyaya za kuufikisha Suswa hazijamalizika. Zilimalizika baadaye mwaka ule ule. Wenyeji walituambia kwamba upepo wa huko hauna msimu. Tuliamini mara tulipofungua mlango, maana ulitaka kuung'oa.

Kisha ghafla ziwa. Yule Teleki aliyelifikia mwaka 1888 kwa miguu, akalipa jina la mwana wa mfalme wa kwao, alikuja kwa upande huu wa kusini. Jina la Turkana lilitiwa mwaka 1975. Rangi yake si ya bluu wala si ya majani, bali hubadilika kila wingu lipitapo. Mteremko wa kulifikia ni wa mawe meusi yaliyotapikwa na milima ya moto, makubwa kama vyungu, na gari huenda mwendo wa mtu mzee. Joto lilikuwa kali hata petroli ikawa inageuka mvuke ndani ya mrija kabla ya kufika kwenye karbureta, na injini ikazima mara nne. Dawa yake ni kitambaa kilicholoweshwa maji, kikafungwa juu ya mrija na pampu. Jiwe moja lilitoboa tangi, ufa mdogo tu. Fundi akausugua kwa kipande cha sabuni ya mche mpaka ukaziba, kwa kuwa petroli haiyeyushi sabuni.

Huko Loiyangalani tulishusha madawati yaliyobaki mazima (mawili yalikuwa yamepoteza miguu kwa ajili ya springi), walimu wakatukaribisha chini ya mikoma karibu na chemchemi. Wavuvi wa Kielmolo walituuzia samaki. Laiti ningekuwa na nafasi ningeandika habari za watu hao peke yao.

Kutoka hapo tuligeuka mashariki, tukiuzunguka mlima Kulal, na gari likawa jepesi. Kabla ya kufika Kargi, mwanamke mmoja Mrendille alisimama njiani na mtoto mgongoni. Kando yake alikuwapo ndugu yake, kijana wa miaka kumi na mitano hivi, aliyejua Kiswahili. Alisema mtoto ana homa siku ya tatu, na tangu alfajiri ameshikwa na degedege mara mbili. Wanatafuta gari la Marsabit. Shemeji yangu alihamia nyuma, mama akakaa mbele kati yangu na fundi. Nilitia mkono juu ya paji la mtoto. Lilikuwa kama sufuria iliyotolewa motoni.

Tangu hapo mimi ndiye niliyeshika usukani, na nilikwenda mbio. Tulipita Kargi bila kusimama ila kuchukua maji. Mbele yetu mlima wa Marsabit ulikuwa umevaa wingu jeusi, na umeme ulikuwa ukipiga ndani yake. Saa kumi na nusu tulifika kwenye laga pana, yaani mto usio na maji, mchanga mtupu. Fundi akasema, “Mzee, simama nifunge mahabu ya mbele tuvuke kwa magurudumu manne.” Ni kazi ya dakika mbili tu. Nikamwambia hakuna wakati, nikakanyaga mafuta.

Katikati ya laga gari lilizama. Nikalirudisha nyuma, nikalipeleka mbele kwa nguvu, na tukasikia mlio mmoja, ta! Injini iliendelea kunguruma, propela ilizunguka, lakini gari halikwenda kokote. Nilijua nini kimekatika. Fundi naye alijua, wala hakunitazama.

Wenyeji wa huko hawalali katika laga. Mvua ikinyesha mlimani, mahali pasipo na tone hata moja hujazwa na maji yajayo kama ukuta, nayo huchukua mifugo na magari. Yule kijana Mrendille aliutazama mlima, akamwambia dada yake maneno machache, na mama akashuka na mtoto akapanda ukingoni bila kungoja kuambiwa. Sisi tukaanza kuchimba.

Sasa nilifanya kila nililoambiwa. Tulipunguza upepo wa matairi yote manne mpaka yakatandaa. Tulitoa mchanga mbele ya magurudumu, tukatandika matawi na magunia na turubai. Fundi alifunga mahabu, akaingiza gia ya magurudumu manne. Maana ekseli ya nyuma ikifa, ya mbele bado yaweza kuvuta, mradi dereva ana subira. Akakaa yeye kwenye usukani. Sisi watatu tulisukuma. Gari lilikwenda hatua tano likazama; tukachimba tena; likaenda hatua kumi. Mara ya sita lilishika ardhi ngumu likapanda ukingoni. Sikuwahi kufurahia harufu ya klachi iliyoungua kama siku ile.

Haikupita nusu saa maji yakaja. Hayakuwa makubwa, yangefika magotini labda, lakini yalikuwa mekundu na mazito, yamebeba vijiti na kinyesi cha mbuzi, na mahali gari lilipokuwa limesimama pakawa mto.

Bado kulikuwa na kazi. Vipande vya chuma kilichokatika vikibaki ndani ya difu vyaweza kusaga meno yake na kufunga magurudumu. Fundi alifungua bolti sita za habu, akaivuta hafu-shafti. Ikatoka fupi, imekatika ncha. Kilichobaki ndani, kadiri ya kidole gumba, alikivua kwa kitanzi cha ule waya aliounua Nairobi, huku shemeji akimshikia tochi. Kisha aliitoa propela ya nyuma, akaifunga juu ya madebe. Tundu la habu halikuwa na kifuniko tena, na mchanga ungeingia, na mafuta yangetoka. Akakata kopo la mafuta ya kupikia, akalinyoosha kwa nyundo, akalitoboa matundu sita kwa msumari, akatia chini yake mpira wa tyubu ya zamani, akakaza kwa zile zile bolti. Ilimchukua muda mrefu. Mama alikuwa akimkanda mtoto kwa kitambaa chenye maji, naye mtoto alikuwa akilia, jambo lililotupa moyo, kwa kuwa mchana hakuwa akilia.

Nilimwambia mama kwa kinywa cha ndugu yake kwamba kosa lilikuwa langu. Alijibu neno moja. Nikauliza amesema nini. Kijana akasita, kisha akasema, “Amesema tuondoke.”

Usiku ule tuliupanda mlima kwa magurudumu ya mbele tu. Gari likivutwa hivyo huwa jepesi puani, na kwenye kilima magurudumu huzunguka bure juu ya kokoto. Ndipo mimi na yule kijana tukakaa juu ya boneti, mmoja kila upande, tukishikilia kioo kilicholazwa na baridi ikitupiga, ili kulitia gari uzito wa mbele. Kila lilipoteleza fundi alisimama, akarudi kidogo, akajaribu mahali pengine. Hakuharakisha hata mara moja. Saa nane na robo za usiku tuliziona taa za Marsabit, na mlango wa hospitali ulikuwa wazi.

Hafu-shafti mpya ilikuja kwa basi kutoka Nairobi siku ya tatu, kwa ile ile barabara ya lami niliyoidharau mwanzoni. Niliagiza mbili. Siku ya tano mama alitoka hospitali, mtoto amefungwa mgongoni anatazama huku na huku, naye akaomba tuwarudishe Kargi, kwa kuwa mvua ilikuwa imetua na kijana amesikia kwamba laga zinapitika. Nilikubali mara moja, nikaufungua mlango wa dereva. Mama alisimama pale pale, hakupanda. Alimwonyesha fundi kwa kidevu.

Nilimpa fundi ufunguo, nikaenda kukaa nyuma pamoja na shemeji.