Mafuta Ndani ya Maji ya Rejeta

Askari anapostaafu, mara nyingi hupenda kukiweka kiinua mgongo chake katika kitu kinachotembea. Hununua lori la dizeli lililokwisha tumika, akamwajiri dereva, na jamaa nzima ikategemea magurudumu yale kwa karo na posho. Basi siku dereva afunguapo rejeta alfajiri akakuta utando mzito wa rangi ya chai ya maziwa, halikuugua lori peke yake. Imeugua nyumba nzima.

Hapo ndipo maneno hutangulia kipimo. Fundi mmoja husema injini imekufa, mwingine husema ifumuliwe yote, na mwenye mali kwa hofu huuza ng'ombe. Lakini aliyelelewa jeshini anajua kwamba adui hashambuliwi kabla ya kupelelezwa.

Kwanza yatambuliwe mafuta yenyewe. Malori yenye giaboksi inayojibadilisha yenyewe mara nyingi hupoza mafuta yake kwa maji yale yale ya injini. Mafuta hayo kwa kawaida ni mekundu, hivyo utando wa rangi ya waridi huelekeza huko. Ukiwa wa kahawia, ya kushukiwa ni oili ya injini.

Pili, ufahamike mwendo wake. Injini inapofanya kazi, oili husukumwa kwa nguvu kuliko maji. Pakiwa na ufa baina ya njia hizo mbili, oili huingia majini. Injini ikizimwa, maji nayo yaweza kupenya katika oili. Kwa hiyo kijiti cha kupimia oili chaweza kuonekana safi hali rejeta imechafuka. Usafi huo usimpumbaze mtu.

Tatu, yatazamwe mapovu. Injini ingali baridi, kifuniko cha rejeta hufunguliwa, kisha injini huwashwa. Mapovu yakizidi kutoka bila kukoma, huenda gesi ya silinda inapita katika gasketi au ufa wa kichwa cha silinda. Yasipoonekana, na nguvu ya lori haikupungua, kipoza oili ndicho cha kupimwa mwanzo. Chombo hicho hufunguliwa, njia yake ya oili huzibwa na kutiwa upepo, kikazamishwa majini. Povu litokapo ndipo penye tundu. Aghalabu hubadilishwa bila kuifumua injini.

Baada ya matengenezo, njia za maji hazina budi kuoshwa kwa sabuni ya kuyeyusha mafuta, tena na tena, mpaka maji yatoke safi. Mipira iliyovimba itupwe, maana oili hulainisha mpira, nao hupasuka njiani mlimani na mzigo mgongoni.

Nyumbani nako pana tahadhari. Rejeta yenye moto isifunguliwe kamwe. Maji yaliyochanganywa na dawa ya kupozea yasimwagwe uani: aina iliyo maarufu ina ladha tamu, nayo ni sumu iuayo mtoto na mbwa vilevile.

Mara nyingi mke ndiye mtunza fedha za nyumba. Kabla ya kuzitoa za kununulia injini nyingine, ana haki ya kumwuliza fundi swali moja: je, kipoza oili kimepimwa? Fundi mwema hatachukizwa na swali hilo, atamwonyesha povu.